Kiti cha Saba

Voi, 9 Februari 2025
Miaka kumi na saba tangu nitoke Eldoret

Nekoye mdogo wangu,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji Kipyego, Kogo mama yake, Ashley na yule kijana wenu aliye shule ya bweni. Mimi ni mzima. Magoti hunisumbua asubuhi, yakipata jua yanatulia. Masikio ndiyo yamegoma kabisa. Usijaribu tena kunipigia simu. Nasikia sauti yako kama mtu anayeongea ndani ya pipa, nami najibu "ndiyo" kwa kila kitu. Mara ya mwisho nafikiri nilikubali kununua ng'ombe. Tuandikiane tu, hata kama bahasha inazunguka wiki mbili katika ofisi za mabasi.

Hapa ni joto. Darasa langu la watu wazima kanisani limeongezeka. Sasa yupo mama mmoja wa miaka sitini ambaye juzi alisoma kibao cha duka la dawa kwa sauti, akarudia mara tatu, mwenye duka akatoka kuuliza kama kuna shida. Kaburi la wifi yako Mildred nimelizungushia matofali mapya. Mvua ya Novemba ilikuwa imeula upande mmoja.

Sasa nije kwa jambo lako. Unasema mnataka kununua gari la familia lililotumika, na unataka lenye viti saba. Nimefurahi. Lakini mwalimu ni mwalimu hata akistaafu, kwa hiyo nimehesabu. Wewe, Kipyego, Kogo, Ashley na kijana: watano. Gari la viti vitano linawatosha, linakula mafuta kidogo, na vipuri vyake viko kila kona. Viti viwili vya ziada ni vya nini?

Mkienda kwenye yadi ya magari, nendeni asubuhi injini ikiwa baridi. Dalali akisema ameshaliwasha "kuipasha moto kidogo", rudini siku nyingine. Tazameni pedali ya breki. Ikiwa imelika hadi chuma na mita inasema gari limetembea kidogo, mita imerudishwa nyuma.

Kaka yako,
Lusweti

*

Kiplombe, Eldoret
16 Machi 2025

Kaka Lusweti,

Habari ya joto? Huku kwetu ni baridi mpaka Kogo analala na soksi mbili. Kipyego anakusalimia, anasema mahindi ya mwaka jana aliuza vizuri na ng'ombe wamezaa. Ashley bado ananisaidia kwa duka kule Kesses, kwa sababu Okello mume wake amepelekwa kikazi Lodwar. Halafu kuna habari nzuri: Ashley ni mjamzito. Mungu akipenda, mwisho wa Agosti nitaitwa nyanya. Wanafunzi wa chuo wananunua kwangu sukari robo robo mpaka nacheka. Mmoja aliniuliza, "Mathe, unaeza nikatia sabuni nusu?" Nikamwambia akate nusu ya kuoga pia.

Wewe bado unaandika miaka juu ya barua kama mfungwa. Acha hiyo.

Tulienda yadi kama ulivyosema, asubuhi, injini baridi. Broka alituonyesha gari moja nzuri kwa macho. Kipyego akakanyaga breki, akanitazama. Pedali ilikuwa imeisha kabisa, na mita inasema gari ni ya juzi. Broka akasema mwenye gari alikuwa na miguu mizito. Kipyego akamwambia, "Basi muuzie mwenye miguu myepesi." Tukaondoka.

Sasa tumeamua kuagiza kutoka Japani wenyewe. Nataka Sienta. Mlango wake wa nyuma unateleza pembeni, na sakafu iko chini, Kogo anaingia bila kuinuliwa kama gunia. Viti saba. Umeuliza ni vya nini. Ni vya mizigo. Ni vya wageni. Si wewe ndiye ulitufundisha kwamba nyumba haijengwi kwa watu wa nyumbani peke yao?

Nekoye

*

Voi, 6 Aprili 2025
Miaka kumi na saba tangu nitoke Eldoret

Nekoye,

Salamu kwenu wote, na pongezi kwa Ashley. Mwambie ale maharagwe na asibebe kreti za soda. Huku mvua imeanza vizuri, kunde zimetoa majani, nami nachuma kila jioni. Jirani zangu wa Kitaita wamenifundisha kuzipika na muhogo. Sikujua mtu wa Bungoma anaweza kubadilika hivyo uzeeni.

Sienta ni chaguo zuri, nakubali kushindwa. Mlango wa kuteleza ni akili. Kabla ya kulipa, itisheni karatasi ya mnada, ile inamochorwa kila mkwaruzo wa gari, na mtafute anayeweza kuisoma. Muulize pia kama mafuta ya gia yamewahi kubadilishwa. Na kumbuka kwamba viti vya safu ya nyuma ni vidogo. Wameviweka kwa watoto na kwa watu wasiolalamika.

Nimehesabu tena. Okello akirudi likizo mtakuwa sita, na mtoto atakuwa mapajani mwa mama yake kwa muda. Mizigo haihitaji mkanda wa usalama. Wa saba ni nani, Nekoye?

Na hukunijibu kuhusu matofali. Nilidhani ungeuliza ni ya rangi gani. Ni mekundu, kama udongo wa huku. Tangu mwaka ule mlipokosa gari la kuwaleta kwenye mazishi, nimekuwa nikikuandikia habari za kaburi hilo, nawe unanijibu habari za ng'ombe. Sikulaumu. Nasema tu kwamba naona.

Kaka yako,
Lusweti

*

Kiplombe, Eldoret
30 Juni 2025

Kaka,

Nisamehe kwa kukawia. Tumekuwa na shughuli nyingi, Kipyego anapalilia, na Ashley miguu imevimba kwa hivyo duka ni mimi peke yangu. Kogo ni mzima. Anauliza kila siku kama meli imefika, kana kwamba itatia nanga hapa Kiplombe.

Meli imefika! Gari iko Mombasa, karatasi zinamalizika wiki hii. Rangi ni ya fedha. Picha nimeangalia mpaka simu ikazima.

Sasa nisikilize vizuri. Kijana anayeipandisha ni Sadiq, mtoto wa Ahmed yule wa malori, Ahmed uliyemfundisha. Nimemlipa apitie Voi. Unajua kwetu gari mpya haibebi mtu kabla mkubwa wa nyumba hajaikalia. Kipyego naye anasema kwao ni hivyo hivyo, mzee kwanza. Baba hayuko, mkubwa ni wewe. Kwa hivyo Sadiq akifika, panda. Usiseme mambo mengi. Beba nguo mbili tatu. Chumba chako kiko tayari, Kipyego amekipaka rangi, na dirisha linaangalia shamba lako lile. Hakuna mtu amelichukua, mimi ndiye ninalima. Watu waliokuwa wabaya wakati ule wa fujo za uchaguzi, wengine wamehama, wengine wamezeeka, mmoja ananiuzia maziwa.

Uliniuliza wa saba ni nani. Mwalimu mzima, na hesabu ndogo hivyo inakushinda?

Barua hii ikuwahi. Nimeipeleka mwenyewe kwa ofisi ya parcel ya mabasi, nikawaambia ni ya haraka.

Nekoye

*

Voi, 13 Julai 2025
Miaka kumi na saba tangu nitoke Eldoret

Nekoye mdogo wangu,

Barua yako ya Juni imenifikia jana. Gari lilifika Jumanne iliyotangulia. Kwa hiyo huyu kijana alinikuta sina habari, nimeshika ndoo, namwagilia kunde.

Natumaini mu wazima wote na kwamba miguu ya Ashley imepungua. Ahmed amezaa kijana mwenye sauti. Ni wewe uliyemwambia kwamba mimi ni kiziwi? Alisimama getini akapiga kelele hadi majirani wakatoka.

"Mwalimu! Mimi ni Sadiq, kijana wa Ahmed wa malori!"

"Yule niliyemfundisha?"

"Huyo huyo! Anasema ulimchapa kwa sababu ya insha!"

"Alinakili ya mwenzake."

"Hiyo sehemu hakuniambia!" Akacheka, akafungua mlango, ukateleza bila sauti kama ulivyosema. "Nimetumwa nikuchukue, Mzee. Mama Ashley amesema kiti chako ni kile cha nyuma. Lakini ukitaka kukaa mbele, mimi sitasema kitu."

Nilisimama pale na ndoo. Nilitazama gari. Ni zuri, Nekoye. Lina mkwaruzo mmoja mdogo chini ya taa ya kushoto, naamini uliuona kwenye karatasi ya mnada. Viti ni safi. Gari la mtu aliyekuwa na watoto wenye adabu.

Ninataka ujue kwamba nilipanda. Sadiq atakueleza kwa namna yake, lakini ukweli ni huu: niliingia nyumbani, nikaweka mashati mawili kwenye mkoba, na kile kitambaa cheupe cha kochi ambacho Mildred alikifuma mwaka wa kwanza tulipofika hapa, tulipokuwa na kochi moja tu na hatuna meza. Nilifunga madirisha. Nilimwambia jirani amwagilie kunde. Niliketi kiti cha saba kama ulivyotaka, magoti karibu na kidevu, nikatandaza kitambaa mgongoni mwa kiti maana Mildred hakupenda kiti kitupu. Tukaondoka.

Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Sadiq aliendesha vizuri, polepole, kama mtu aliyebeba mayai. Alinisimulia kwa sauti yake ile ile Eldoret ilivyokua, majengo niliyoyaacha yakiwa ghorofa mbili sasa yana nane, na Kesses kumejaa vyumba vya wanafunzi. Nilifurahi kusikia. Usidhani nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa, nikasubiri woga uje, haukuja.

Karibu na Mtito Andei polisi walitusimamisha. Askari mmoja kijana akatazama karatasi za gari, akanikuta huku nyuma nimekunjwa kama barua, Sadiq akamwambia apaze sauti.

"Shikamoo, Mzee. Unaenda wapi?"

"Eldoret."

"Sawa. Na nyumbani ni wapi?"

Nikasema, "Voi."

Nilijibu haraka namna mtu anavyojibu jina lake. Askari akacheka. "Basi Mzee unaenda kinyume!" Akaturuhusu.

Sadiq naye alicheka. Mimi sikucheka. Tulipofika hotelini kwa chai nilimwambia kwamba mimi naishia hapo.

"Mama Ashley ataniua," akasema.

"Mwambie gari nimelikalia. Kazi ya mkubwa wa nyumba imekwisha."

"Hiyo hatakubali, Mwalimu."

"Hatakubali mwanzoni."

Nilichukua mkoba wangu. Kitambaa nilikiacha pale kilipokuwa, kwa makusudi, ili usije ukadhani nilikisahau. Nikapanda basi la kushuka Mombasa na kufika kwangu jua likizama. Kunde zilikuwa zimemwagiliwa kupita kiasi.

Najua utakasirika. Kasirika, halafu uniandikie.

Kaka yako,
Lusweti

*

Kiplombe, Eldoret
21 Septemba 2025

Kaka Lusweti,

Sikuandika kwa sababu ya kazi nyingi dukani. Vyuo vimefunguliwa. Ndiyo hiyo tu.

Kipyego anakusalimia. Kogo anakusalimia zaidi, kwa sababu siku gari ilifika aliipaka maziwa kwa boneti na kwa magurudumu yote manne, akaiombea kwa Kikalenjin muda mrefu mpaka Sadiq akaketi chini. Gari inaenda vizuri. Tumeenda nayo Ainabkoi kwa harusi, ikapanda milima yote bila kulalamika. Fundi amebadilisha mafuta ya gia. Mkwaruzo wa chini ya taa nilijua.

Sadiq alipofungua mlango niliangalia nyuma. Niliona kitambaa, sikuona mtu. Nilikijua hapo hapo. Ile kona ya maua Mildred alijaribu kunifundisha, mkono wangu ukakataa. Nilimwambia Sadiq arudi kwao, nitaongea naye kesho. Kipyego alinipatia chai nikainywa ndani ya gari, peke yangu, mpaka ikapoa.

Hakuna mtu amekalia hicho kiti. Kijana akirudi kutoka shule anataka kukaa hapo na simu yake, namfukuza. Nimekiosha kitambaa mara moja, kwa mkono, na sabuni ya kipande.

Ashley amejifungua tarehe thelathini Agosti. Msichana. Wote wazima. Gari ndiyo iliwaleta nyumbani kutoka hospitali, na Okello alikuja kutoka Lodwar na vumbi yote ya huko. Mtoto ana sauti kama ya Sadiq.

Ashley anataka nikuulize jambo. Nilimwambia aandike mwenyewe, akasema Khocha, mjomba wake, anaogopesha kwa kusahihisha makosa ya tahajia. Anauliza kama utakubali mtoto aitwe Mildred. Mimi sikumwambia. Ni yeye alikaa na hicho kitambaa siku nyingi, akasema ndilo jina.

Kaka, sema tu kama utakuja Krismasi. Safari hii si Sadiq. Mimi na Kipyego tutakuja wenyewe kukuchukua. Rangi ya chumba bado ni mpya.

Matofali mekundu ni sawa. Alipenda rangi hiyo.

Nekoye

*

Voi, 5 Oktoba 2025
Mwaka wa kumi na nane nikiishi Voi

Nekoye mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na mstari wa mwisho kuliko yote. Ndiyo, aliipenda rangi hiyo. Alisema udongo wa Voi humchafua mtu kwa heshima. Pole na kazi za duka.

Mpe Kogo shukrani zangu kwa maziwa. Mwambie Okello asafishe masikio ya mtoto, yasije yakawa kama yangu. Na Ashley mwambie jina alilochagua ni lake, nalitoa kwa mikono miwili. Niliwasomea barua yako wanafunzi wangu kanisani, sehemu hiyo tu, na yule mama wa miaka sitini akaniomba nimwandikie jina hilo ubaoni. Akalisoma mwenyewe. Mildred. Sikuwa nimelisikia likisomwa na mtu mwingine kwa miaka mitatu, hata kwa masikio haya.

Sasa kuhusu kiti. Nakuomba uache kukilinda. Mwache kijana akikalie, akikichafua utakiosha. Mtoto akikua kidogo mweke pale, kitambaa mgongoni, akitafune akitaka. Mildred alifuma vitambaa ili watu waegemee. Usikifanye kiti hicho kaburi. Kaburi lipo moja tu, nalo liko hapa, hatua chache kutoka jikoni kwangu, na kila asubuhi nikitoka na chai nasimama karibu nalo.

Wewe unafikiri nakaa huku kwa sababu ya yale yaliyotokea kule. Kwa muda mrefu nami nilifikiri hivyo, na niliandika miaka juu ya barua kama ulivyosema, kama mfungwa. Askari wa Mtito Andei aliuliza swali dogo akapata jibu nililokuwa nalo bila kujua. Sikai hapa kwa sababu ya kule. Nakaa hapa kwa sababu ya hapa. Shamba endelea kulima. Chumba mpe Okello, ameoa kwenu na analala wapi akija? Na huyo anayekuuzia maziwa, nunua kwake bila kinyongo, na umwambie nimemsalimia. Namaanisha hivyo.

Mwaka ule wa mazishi mlikosa gari. Ndivyo ulivyoniambia, ndivyo nilivyoamini, na ndivyo itakavyobaki. Sasa gari lipo.

Kwa hiyo njooni Krismasi. Njooni nyote: wewe, Kipyego, Kogo, kijana, Ashley, Okello na mtoto. Hesabu mwenyewe, viti vinajaa sawasawa, hakuna hata kimoja cha kubaki kitupu. Msisafiri usiku. Laleni Nairobi, Kogo apumzishe magoti. Pimeni upepo wa magurudumu kabla ya kushuka, joto la huku hulivimbisha gurudumu lililojazwa Eldoret. Mkipita Mtito Andei kunyweni chai pale niliposhuka, mandazi yao ni mazuri. Voi mjini ulizeni nyumba ya Mwalimu mwenye kunde. Nitachinja jogoo, nitapika kunde na muhogo, na mtalala kwa zamu maana vitanda ni viwili. Asubuhi nitakupeleka nyuma ya jiko, wewe peke yako, na hutalazimika kusema lolote.

Mkimaliza siku zenu nitawasindikiza hadi barabara kuu, nitaufunga huo mlango wa kuteleza kwa mkono wangu, na nitapunga mkono mpaka gari lipotee. Usiniachie nafasi ndani yake. Mimi sitarudi Eldoret.

Kaka yako,
Lusweti